Namna ya kukagua mgawo wa samaki unaouzika: anza na bei ya kukodi

Ukifungua ripoti yoyote inayosifu mgawo wa samaki unaouzika, yaani haki ya kuvua kiasi fulani ambayo mwenye nayo anaweza kuiuza au kuikodisha, utakutana na mchoro uleule: faida ya uvuvi mzima inapanda mwaka hadi mwaka tangu mgawo uanze. Mara nyingi mchoro huo ni wa kweli, wala sina ugomvi nao. Ila faida ni jambo moja na mfuko ilikoingia ni jambo jingine. Ripoti nyingi hueleza la kwanza kwa kurasa nyingi, la pili likapewa aya moja mwishoni. Mwongozo huu ni wa kuyatenganisha hayo mawili kwa karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu.

Mimi ni Bibi Samaki, kama wavuvi wa Kanda ya Ziwa wanavyotuita maofisa uvuvi wanawake. Ziwani kwetu hatuna mgawo wa namna hii. Sangara tunamdhibiti kwa urefu wake na kwa ukubwa wa tundu la wavu. Hesabu nitakazokuonyesha nilijifunza Iceland, kwenye kozi ya miezi sita ambayo tangu 1998 imekuwa ikipokea maofisa wa uvuvi kutoka nchi kama zetu, wakiwemo Watanzania, Wakenya na Waganda. Ndiyo maana mifano mingi ni ya huko. Nawaandikia maofisa wenzangu, waandishi wa habari wanaoletewa ripoti hizi, na hasa wale watakaokaa kwenye vikao vya jodari wa Bahari ya Hindi, ambako suala la mgawo limekwisha piga hodi.

Jua ni karatasi gani unayoikagua

Mfumo wenyewe uko hivi. Wanasayansi wanapima samaki waliopo baharini, serikali inatangaza tani zinazoruhusiwa kuvuliwa mwaka huo, na kila mwenye mgawo anapata sehemu yake. Iceland mwaka wa uvuvi unaanza Septemba 1 na kuisha Agosti 31. Chewa wa Atlantiki (kwa Kiingereza cod) na jamii zake waliingizwa kwenye mgawo wa vyombo mwaka 1984, baada ya samaki aitwaye heringi kutangulia miaka ya 1970, na sheria ya 1990 ikaufanya mfumo mzima kuwa mmoja na mgawo kuuzika kikamilifu.

Kuna karatasi mbili, na usipozitenganisha utapotea mapema. Ya kwanza ni hisa ya kudumu: asilimia fulani ya tani zote, mwaka huu na miaka ijayo. Ya pili ni kilo za mwaka: kile ambacho asilimia hiyo imezaa msimu huu. Hisa inauzwa, kilo zinakodishwa. Mtu akikuambia "bei ya mgawo imepanda", muulize ipi kati ya hizo mbili.

Uliza pia kama hisa ni asilimia au ni tani. New Zealand ilianza mwaka 1986 kwa kugawa tani kamili, kama hati ya kiwanja. Samaki walipoonekana kuwa wachache kuliko ilivyodhaniwa, serikali ikajikuta inalazimika kununua tani zile kutoka kwa watu iliowapa yenyewe ili ipunguze uvuvi. Mwaka 1990 wakahamia asilimia. Tangu hapo hatari ya samaki kupungua iko kwa mwenye hisa, haiko kwa hazina ya serikali. Mstari mmoja tu wa sheria, na fedha nyingi ikabadili upande.

Kisha kagua kipimo. Nilisimama kwenye mizani ya bandari ya Sandgerði, upepo unakata masikio, mashua ikishusha samaki ndani ya masanduku makubwa ya plastiki yenye kuta nene za kuhifadhi baridi. Mpimaji mwenye leseni anapima kila sanduku, anatoa uzito wa sanduku na wa barafu, anaandika jina la chombo na aina ya samaki, na taarifa inakwenda Fiskistofa, ambayo ndiyo idara yao ya uvuvi. Ukiingia kwenye tovuti yao unamwona kila mtu na kilo zake. Kwa aliyezoea daftari la mwaloni lenye madoa ya mafuta ya taa, ile ni ndoto. Ila angalia: mgawo wao wa chewa unahesabiwa kwa samaki aliyekwisha tolewa matumbo, na kilo 100 za chewa mzima zinahesabiwa kuwa 84. Ukilinganisha tani zao na tani za nchi inayohesabu samaki mzima bila kubadili kipimo, umeshakosea kwa karibu moja ya sita kabla hujaanza kazi.

Faida inayotokana na kuacha mbio

Sehemu ya kwanza ya faida ndiyo rahisi kuipima na ndiyo tamu zaidi kuisimulia. Mfano wake bora hauko Iceland, uko Pasifiki ya Kaskazini kwa samaki bapa aitwaye halibati.

Kabla ya mgawo, halibati alivuliwa kwa mbio. Serikali ilifungua bahari, kila mtu akakimbilia, na tani zikiisha bahari inafungwa. Kadiri vyombo vilivyoongezeka ndivyo msimu ulivyofupika. Upande wa Kanada mwaka 1990 msimu mzima ulikuwa siku 6. Alaska kulikuwa na maeneo yanayofunguliwa kwa saa 24 tu, mara chache kwa mwaka. Hebu fikiria samaki wote wa mwaka wanafika gatini wiki moja: kiwanda kinawagandisha, bei inaanguka, na nahodha anatoka hata kama bahari imechafuka kwa sababu kesho hakuna. Kanada ikaweka mgawo mwaka 1991, Alaska mwaka 1995. Msimu ukawa wa miezi kama minane pande zote mbili, samaki wakaanza kuuzwa wabichi, na miito ya kuokoa wavuvi baharini ikapungua.

Kinachonivutia hapo ni ile miaka minne ya katikati. Samaki ni yuleyule, soko ni lilelile, upande mmoja una mgawo na mwingine bado unakimbizana. Kwa miaka hiyo bei ya gatini ya Kanada iliizidi ya Alaska, na hapo huwezi kusingizia dola wala bei ya mafuta. Ukitaka kukagua uvuvi wowote, tafuta jirani wa namna hiyo: aina ya samaki inayofanana, au bandari iliyobaki nje ya mgawo. Ukikosa jirani, unabaki na "kabla na baada", na hapo lazima uondoe mambo mengine yaliyobadilika. Iceland, kwa mfano, chewa wenyewe walipungua sana kwanza. Mgawo wa mwaka 1994/95 ulikuwa tani 155,000 tu. Mtu anayeanza mchoro wake mwaka ule ataonyesha maajabu. Anayeanza 1981, walipovua zaidi ya tani 400,000, ataonyesha msiba. Wote wawili wametumia takwimu sahihi.

Ongeza na thamani inayotokana na kutokuwa na haraka. Kiwanda kikijua Jumanne kitapata samaki kiasi gani, kinaweza kuahidi minofu mibichi ya kupanda ndege kwenye uwanja wa Keflavík usiku uleule. Ngozi na maini yanapata mnunuzi. Vichwa vinakaushwa na kupelekwa Nigeria, ambako vinaliwa kwenye supu kwa heshima zote. Mwalimu wangu mmoja alipenda kusema kichwa cha chewa kimesafiri kuliko wanafunzi wake.

Hesabu yenyewe: kilo moja inapohama

Sasa njoo kwenye sehemu ya pili ya faida, ile inayotokana na kilo kuhama kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Hapa ndipo watu hupita haraka, nami nakuomba ukae. Namba zifuatazo ni za mfano, nimezitengeneza ziwe rahisi.

Tuseme kilo moja gatini inauzwa 400. Mashua ndogo inatumia 250 kuivua: 120 ni ujira wa mabaharia, 130 ni mafuta, chambo, barafu na matengenezo. Meli kubwa inatumia 180: ujira 90, mengine 90. Mashua inabakiwa na 150 kwa kilo, meli inabakiwa na 220. Wote wawili wana mgawo. Soko la kukodi litasimama mahali fulani katikati, tuseme 190.

Mwenye mashua akivua mwenyewe anapata 150. Akikodisha kilo zake anapata 190 akiwa amekaa nyumbani. Hahitaji kulazimishwa na mtu. Anafunga mashua, anakodisha, meli inavua. Mchumi anaandika: kila kilo iliyohama imeokoa 70. Mwenye mashua kaongeza 40, mwenye meli kaongeza 30. Jumla ni 70, hesabu imefungwa, wote wametabasamu.

Rudi sasa kwenye ile 70 uifungue. Mafuta, chambo na matengenezo vimeshuka kutoka 130 hadi 90: hiyo ni 40, na ni akiba ya kweli, ni dizeli ambayo haikuungua. Thelathini iliyobaki ni ujira uliokuwa ukilipwa kwenye mashua na haulipwi tena kwenye meli. Kwenye vitabu vya mwenye chombo ujira ni gharama. Kwa baharia ni ada ya shule. Je, 30 hiyo ni akiba au ni pesa iliyohama mfuko? Inategemea yule baharia aliyeshuka amekwenda wapi. Akipata kazi nyingine ya kulipwa vivyo hivyo, ni akiba kweli, kwa sababu nguvu zake sasa zinazalisha kitu kingine. Mji mkuu, Reykjavik, kazi ipo. Kwenye kijiji cha watu mia mbili tatu mwishoni mwa fiyodi, yaani ghuba ndefu nyembamba kati ya milima, ambako ajira ni samaki na shule ya msingi, haipo, na hiyo 30 ni hasara yake iliyoandikwa kama faida ya taifa.

Kwa hiyo ukipewa namba ya "ongezeko la ufanisi", omba igawanywe mara mbili: ujira upande mmoja, vingine vyote upande wa pili. Wakikwambia takwimu za ujira hazipo, hilo nalo liandike.

Mpangaji

Weka mtu wa tatu kwenye mfano: kijana mwenye meli nzuri, gharama zake ni zilezile 180, ila hana mgawo. Anakodi kilo kwa 190, anavua kwa 180, anauza 400. Anabakiwa na 30. Bei ya soko ikishuka hadi 370, anabakiwa na sifuri. Mwenye karatasi bado ana 190 yake, alilipwa kabla nanga haijang'olewa.

Gawa bei ya kukodi kwa bei ya gatini. Kwenye mfano wetu ni 190 kwa 400, karibu nusu. Namba hiyo moja inakueleza mengi kuliko mchoro wa faida: ni kiasi gani cha kila samaki kinachokwenda kwa mtu ambaye pengine hajaloa. Kwenye halibati wa Kanada, bei ya kukodi imekuwa ikila zaidi ya nusu ya bei ya gatini, na kinachobaki ndicho kinacholipa mafuta, nahodha na mabaharia. Ndiyo maana ukiuliza "je, uvuvi wa halibati una faida?" jibu ni ndiyo, na ukiuliza "je, kijana aanze kuvua halibati?" jibu linabadilika.

Kwa aliyekulia mwaloni jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mvuvi wetu anayepewa injini na nyavu na wakala hawezi kumuuzia sangara mtu mwingine, na bei anapangiwa. Iceland nao walikuwa na mapatano ya tani kwa tani: kiwanda chenye mgawo kinampa mwenye mashua kilo za kuvua, naye anawaletea samaki kwa bei waliyoipanga wao, chini ya ile ya mnada. Kwa hiyo usikague bei ya kukodi iliyotangazwa tu. Angalia pia kama aliyekodi anauza mnadani au kwa aliyemkodisha. Ikiwa ni kwa aliyemkodisha, linganisha bei aliyopewa na ya mnada siku ileile. Tofauti yake ni gharama ya pili ya kukodi ambayo haijaandikwa popote.

Mabaharia nao wanaguswa hapo. Kule ujira ni fungu la thamani ya samaki, kama mafungu ya mtumbwini kwetu. Wenye vyombo walipoanza kutoa gharama ya kukodi mgawo kabla ya kugawa mafungu, mabaharia waligoma, na miaka ya 1990 walifanya hivyo zaidi ya mara moja. Mwaka 1998 ikaundwa ofisi maalumu ya kukagua bei zinazotumika kugawa mafungu. Ukikagua uvuvi wenye mafungu, tafuta mkataba wa ujira usome mstari mmoja tu: fungu linakatwa kutoka jumla ipi, kabla au baada ya gharama ya mgawo?

Bei ya kudumu na deni

Bei ya hisa ya kudumu ni matumaini yaliyogeuzwa kuwa pesa. Chukua bei ya kukodi kilo moja kwa mwaka uigawe kwa bei ya hisa inayozaa kilo hiyo. Kukodi kukiwa 190 na hisa 2,375, ni asilimia 8, inayofanana na riba ya kawaida. Hisa ikipanda hadi 3,800 huku kukodi kukiwa palepale, imekuwa asilimia 5. Wanunuzi wanaamini samaki wataongezeka, au benki inakopesha kirahisi, au wananunua ili wauze. Huhitaji kujua ni lipi ili uanze kuwa na wasiwasi.

Iceland walipata funzo la aina hii kwa mikupuo miwili. Mwaka wa uvuvi 2007/08 mgawo wa chewa ulikatwa kutoka tani 193,000 hadi 130,000 kwa ushauri wa wanasayansi. Aliyekuwa amenunua hisa ya kuvua tani 100 akabaki na tani 67, na deni lake halikukatwa hata senti. Oktoba 2008 mabenki yakaanguka, sarafu yao ya krona ikaporomoka, na waliokopa kwa fedha za kigeni wakaona madeni yao yakivimba. Samaki nao waliuzwa nje kwa fedha za kigeni, hilo liliwaokoa wengi, lakini si yule aliyekopa kununua hisa bei ikiwa kileleni.

Fanya jaribio hili kwa kampuni au mashua yoyote unayoikagua: je, mgawo ukikatwa kwa theluthi mwakani, riba inalipika? Aliyepewa hisa bure mwaka 1984 atasema ndiyo. Aliyenunua mwaka wa bei ya juu atanyamaza. Ni uvuvi mmoja, bahari moja, na vizazi viwili vya gharama.

Na hapo tumegusa kiini. Mgawo wa 1984 ulitolewa kufuata samaki waliovuliwa na chombo katika miaka mitatu iliyotangulia. Chombo kina mwenyewe, basi mwenyewe akapata. Baharia aliyekivulia samaki hao hakupata, wala wanawake waliosimama na visu kwenye viwanda vya minofu. Hii ilikuwa huku ibara ya kwanza ya sheria ya 1990 ikitamka kwamba samaki wa Iceland ni mali ya taifa lote. Mabaharia wawili walipeleka lalamiko lao hadi Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2007 kamati hiyo ilisema mfumo unabagua kati ya waliopewa mwanzo na wanaolazimika kununua au kukodi kutoka kwao. Kwa hiyo ukikagua, wapange wenye hisa katika safu mbili: waliopewa na walionunua. Faida ya kundi la kwanza na la pili usizijumlishe kamwe kwenye safu moja.

Hesabu wenye hisa, usihesabu vyombo

Kwa haraka hapa. Vyombo kupungua si tatizo kwa lenyewe, ndiyo sehemu ya lengo. Kinachotakiwa ni kujua hisa ziko mikononi mwa wangapi. Sheria ya Iceland inaweka kikomo cha asilimia 12 ya chewa kwa kampuni moja na wanaohusiana nayo, na neno "wanaohusiana" ndilo linalolipa mawakili. Alaska walikwenda mbali zaidi: hisa zimegawanywa kwa madaraja ya ukubwa wa chombo, na sehemu kubwa zinamtaka mwenye hisa awe chomboni mwenyewe samaki wanapovuliwa. Kanuni hizo zinapunguza ufanisi kidogo, na waliozitunga walijua. Walikuwa wananunua kitu kingine kwa pesa hiyo.

Kisha chukua ramani. Orodhesha tani zilizoshushwa kwa kila bandari, kabla na baada. Flateyri, kijiji cha Fiyodi za Magharibi, ilikuwa na kampuni moja iliyobeba ajira nyingi. Mwaka 2007 ikauza mgawo na kufunga. Kwenye hesabu ya taifa hakuna kilichopotea, kilo zilezile zilivuliwa na wengine kwa gharama ndogo. Kwenye hesabu ya Flateyri hazipo kilo. Nyumba zilishuka thamani, na nyumba hazimo kwenye mchoro wa uvuvi. Iceland wanajaribu kuziba pengo hilo kwa mgawo maalumu wa vijiji na kwa ushuru wa uvuvi unaotozwa kwa kila kilo tangu 2004. Ukiupata ushuru huo, usiulize ni pesa ngapi; ulinganishe na bei ya kukodi. Hapo utajua mwenye bahari, yaani taifa, anapata sehemu gani ya pango la bahari yake.

Matundu

Kuna hasara mbili ambazo hazionekani kwenye daftari la gatini. Ya kwanza ni samaki waliotupwa. Kilo ya samaki mdogo inakula mgawo sawa na kilo ya mkubwa, ingawa bei ni ndogo. Kama samaki mdogo anauzwa 170 na kukodi kilo ni 190, baharia anayemtupa baharini anafanya hesabu sahihi. Iceland imepiga marufuku kutupa, na imeweka mlango wa kushushia samaki wachache nje ya mgawo huku sehemu kubwa ya pesa ikienda kwenye mfuko wa utafiti. Wewe kama mkaguzi, linganisha bei ya kukodi na bei ya saizi ndogo kabisa kwenye mnada. Ya kwanza ikizidi ya pili, samaki wanatupwa, hata kama kila nahodha ataapa kwamba hajawahi.

Tundu la pili ni vyombo vilivyoachwa nje. Mwaka 1984 mashua ndogo hazikuwekewa mgawo, zikaongezeka kama uyoga. Leo kuna uvuvi wa pwani wa majira ya kiangazi, ulioanzishwa 2009 kwa huruma nzuri kabisa: Mei hadi Agosti, siku nne za wiki, mishipi minne ya mashine, siku isiyozidi saa 14. Ila tani ni za pamoja, basi mbio zimerudi. Mwaka 2023 na 2024 tani ziliisha Julai na bahari ikafungwa. Wanaoupenda uvuvi huo, nami ni mmoja wao, tukubali kwamba samaki wake wanakuja gatini kwa mkupuo kama zamani.

Ukienda na hesabu hizi kwenye kikao cha jodari

Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria, Shelisheli, imekuwa ikizungumzia vigezo vya kugawana samaki tangu 2011. Jodari wa mapezi ya njano amewekewa vikomo vya kuvua tangu 2017, na bado mjadala wa mgawo haujaisha. Swali kubwa unalijua sasa, ni lile la 1984: historia ya uvuvi ni ya nani? Meli za Hispania na Ufaransa zimevua sana, zikiwemo tani zilizotoka ndani ya maji ya nchi za pwani. Tani hizo zikiandikwa kwa bendera ya meli, karatasi inakwenda Ulaya. Zikiandikwa kwa maji yalikovuliwa, zinarudi kwa wenye maji.

Usikubali kujibiwa kwamba "hamna meli, mtaufanyia nini mgawo?" Pasifiki ya Magharibi nchi nane hazikungoja kuwa na meli. Zinauza siku za kuvua jodari ndani ya maji yao, bei ya chini ya siku moja ikiwa dola 8,000 tangu 2015, na wanaotaka kuvua wanalipa. Si mgawo wa tani, ni wa siku, lakini karatasi iko mkononi mwa mwenye maji, na bei ya kukodi inaingia hazina yake.

Kabla ya kikao, andaa karatasi yenye safu tano: tani zilizovuliwa katika maji yetu mwaka kwa mwaka, bendera ya meli, bei ya tani moja ya jodari kiwandani, gharama ya kuvua tani moja, na ada tuliyolipwa kwa kila tani. Toa ya nne kwenye ya tatu, upate pango la samaki, yaani kinachobaki baada ya gharama. Gawa ada kwa pango hilo. Kisha uliza maswali mawili: historia inaandikwa kwa bendera au kwa maji, na je, mgawo wa nchi utakodishwa mwaka mmoja mmoja au unaweza kuuzwa moja kwa moja? Hakikisha majibu yameingia kwenye kumbukumbu za kikao kwa maandishi, kabla watu hawajatoka kwenda kula.